Mchoro wa Ujiji unabishana na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya ualimu, na kwetu ni Ujiji. Tumepewa kazi ya kuchambua jinsi picha moja inavyojenga hoja na kumshawishi mtazamaji. Nimechagua ule mchoro maarufu wa Stanley anapokutana na Livingstone, maana nimekua nikipita karibu na makumbusho yao. Niliandika kurasa nne, mkufunzi akanirudishia na maneno haya: "Umeeleza kilichomo. Hoja iko wapi?" Nimeutazama tena na tena, sioni picha inabishaje wakati haisemi. Halafu, nikiandika kwamba mchoro ule unadanganya, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkufunzi wako amekutendea haki, na wewe mwenyewe hauko mbali na jibu. Umeandika kwamba katikati kuna wazungu wawili, kuna bendera, kuna Waarabu wenye kanzu na vilemba, kuna watu wa msafara na bunduki zao, na wenyeji wamewazunguka. Yote yamo. Lakini mtu akikusimulia maneno ya shahidi mahakamani bila kukuambia kesi ilihusu nini, utayajua maneno na uzito wake hutaujua. Picha yoyote iliyotengenezwa kushawishi imeingia katika ubishi ambao tayari ulikuwa unaendelea. Ubishi huo kwa kawaida hauonekani ndani ya picha, kwa hiyo toka nje kwanza ukautafute, kisha urudi ndani ukiwa unajua unachokitafuta.

Ubishi wa mchoro wako haukuwa Ujiji. Ulikuwa London, mwaka 1872. Henry Morton Stanley alikuwa mwandishi wa New York Herald, gazeti la Marekani. Kwa tarehe yake mwenyewe alimkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, hapo Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, akakaa naye miezi kadhaa, wakaenda pamoja hadi Unyanyembe, hapo Tabora, wakaagana Machi 1872. Alipofika Uingereza akiwa na barua na shajara ya Livingstone, wengi hawakumpokea kwa shangwe. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilikuwa kimetuma msafara wake wa kumtafuta Livingstone, na msafara huo ukavunjika pwani baada ya kusikia kwamba mwandishi wa gazeti amekwisha kutangulia. Ilikuwa fedheha. Zikaandikwa tuhuma kwamba barua zile ni za kughushi, kwamba huyu ni mtu wa magazeti na watu wa magazeti hutunga. Ilibidi jamaa za Livingstone wathibitishe mwandiko, na Malkia Victoria akampa Stanley kijaluba cha dhahabu kama shukrani. Hata hivyo minong'ono haikuisha siku moja.

Mchoro ulitoka mwaka huohuo, katika kitabu chake na katika magazeti ya picha. Sasa usome kama jibu la mtu anayeshukiwa. Dai lake ni fupi: nilifika, nilimkuta, na mkutano ulikuwa wa heshima. Ukiandika sentensi hiyo juu ya karatasi yako, utashangaa jinsi vitu ulivyoviorodhesha vitakavyoanza kujipanga chini yake.

Anza na maneno yaliyo chini ya mchoro, kama nakala yako haijakatwa. Wengi wanaousambaza kwenye simu hukata sehemu hiyo, na hapo hukata nusu ya hoja. Hapo Stanley aliandika kwamba yeye ndiye aliyetoa vifaa vya kuuchorea, kwamba unaonyesha alivyokutana na Dk. Livingstone hapo Ujiji, na kwamba ni sahihi kana kwamba tukio lenyewe limepigwa picha. Kisha akatia sahihi. Simama hapo kwa muda. Mwaka 1872 magazeti hayakuwa na namna ya kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Mchoraji alichora, mafundi wakachonga mistari kwenye ubao, ubao ukapigwa chapa. Upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, na kufikia wakati wa Stanley watu walikwisha zoea kuiamini kamera kuliko mkono wa mchoraji. Hakuna kamera iliyokuwepo Ujiji siku ile. Stanley anajua kwamba anachokionyesha ni kazi ya mafundi ambao hawajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, kwa hiyo anauazimia mchoro wake heshima ya kamera, na dhamana anayoiweka ni jina lake. Jina lenyewe ndilo lililokuwa linabishaniwa! Aya moja nzima ya kazi yako inaweza kukaa hapa, na mkufunzi wako hatauliza tena hoja iko wapi.

Kisha nenda kwenye nguo. Kwenye mchoro Stanley ni nadhifu, kofia yake ngumu ya jua mkononi. Mtu ametoka Bagamoyo kwa miguu, amepita Ugogo, ameingia vitani dhidi ya mtemi Mirambo pale Unyanyembe, ameugua homa mara nyingi, na bado anaonekana kama ametoka hotelini. Msomaji wa haraka atasema mchoraji amempendelea. La. Stanley mwenyewe anasimulia kwamba kabla ya kuingia Ujiji alimwagiza Selim, kijana aliyekuwa mkalimani wake, amtolee suti mpya ya flana, ampakie buti mafuta, aipake kofia chaki iwe nyeupe na kuizungushia kitambaa kipya, ili aonekane vizuri mbele ya yule mzungu mwenye ndevu za mvi na mbele ya Waarabu wa Ujiji. Nguo alizosafiria zilikuwa matambara. Kwa hiyo picha ilianza kutengenezwa kabla mchoraji hajashika kalamu. Ilitengenezwa porini, kwa chaki na mafuta ya buti, na watazamaji wake wa kwanza walikuwa babu zetu waliojaa njiani kutazama. Mambo haya ya kabla ya picha nayapenda kuliko yote. Mchambuzi asiyeyatafuta hubaki akimsifu au kumlaumu mchoraji kwa uamuzi ambao haukuwa wake.

Mlinganishe na Livingstone. Stanley anamweleza kuwa amepauka, amechoka, ana kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kizibao chenye mikono myekundu na suruali ya kijivu. Aliyepatikana lazima aonekane anahitaji kupatikana. Waweke wawili hao ana kwa ana, mmoja na mavazi mapya na mwingine na mavazi yaliyochakaa, na mtazamaji ataelewa nani amemsaidia nani kabla hujamwambia neno.

Bendera uliitaja kwa mstari mmoja tu: "Bendera ya Marekani inaonekana." Sentensi hiyo ni kweli na haifanyi kazi yoyote. Jaribu hii: "Bendera ya Marekani imepewa nafasi ya juu katika mchoro uliokusudiwa kusomwa London pia, mbele ya Waingereza ambao msafara wao ulishindwa kuondoka pwani." Umeona tofauti? Na kuna zaidi. Stanley anasema aliwaagiza watu wake waishike juu bendera ya mzungu na bendera ya Zanzibar ifuate nyuma kabisa. Msafara ule ulipata wapagazi na walinzi wake wengi Zanzibar na Bagamoyo, ulipita njia za wafanyabiashara walioishi chini ya jina la Sultani, ulilala katika nyumba zao, ukala chakula chao. Katika mpangilio wa bendera mbili, nani amefanya safari iwezekane na nani atasifiwa vimekwisha kuamuliwa. Ongeza pia hili: wakati huo Stanley alijitambulisha kama Mmarekani, ingawa alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, na tetesi za asili yake zilikwisha kuanza kuandikwa. Bendera ilikuwa inamjibia maswali mawili kwa mpigo.

Sasa angalia dakika iliyochaguliwa. Watu wengi huchambua kilichomo katika picha, na wachache huuliza kwa nini ni dakika hii na si ile iliyofuata. Siku ile ilikuwa na mandhari nyingi. Kulikuwa na kuingia mjini kwa milio ya bunduki. Susi, mtumishi wa Livingstone, alimkimbilia Stanley na kumsalimia kwa Kiingereza katikati ya umati uliokuwa ukipiga kelele za "yambo, bwana". Kulikuwa na kushikana mikono. Halafu kulikuwa na saa ndefu za wawili hao kukaa barazani kwenye tembe ya Livingstone, ngozi ya mbuzi imetandikwa, wakizungumza huku Halima, mpishi, akihangaika na chakula. Katika yote hayo mchoro ukachagua kuvua kofia. Wako hatua chache mbali, hawajagusana, kofia imeinuliwa. Msomaji wa London alihitaji ishara anayoijua yeye, na kwake kuvua kofia kulisema kwamba hawa ni waungwana, na kwamba adabu yao haikupotea hata huku. Kwa mtu wa Ujiji ishara hiyo haikuwa na uzito wowote. Waha wana salamu zao, na ni ndefu. Andika hilo bila woga, kwa sababu linakuonyesha mlengwa ni nani. Kila ishara ina watu wanaoielewa haraka na wengine wanaoipita tu, na picha huwa imeandikwa kwa lugha ya wale wa kwanza.

Kuhusu Waarabu waliosimama pale: kwenye kurasa zako umewaita "wasindikizaji". Mimi ningewaita mashahidi. Wamesimama karibu, wametulia, mavazi yao ni ya watu wenye mali, na kazi yao katika hoja ni kumwambia mtazamaji kwamba tukio lilikuwa na watu wazima walioliona. Wenyeji nao wamefanywa umati. Wanaongeza ukubwa wa tukio, hawaongezi ushahidi. Jina la yeyote kati yao halimo katika maneno ya chini. Majina yaliyomo ni mawili tu, la Livingstone na la mwenye sahihi.

Hapo ndipo unapoingia katika yaliyoachwa nje, na hapa uwe mwangalifu, kwa sababu wanafunzi wengi huharibu kazi yao hapa. Kila picha duniani imeacha vitu nje, kwa hiyo kusema tu "mchoro hauonyeshi wanawake" ni kulaumu. Kilichoachwa kinakuwa sehemu ya uchambuzi pale tu ambapo kingeonyeshwa, dai lingeyumba. Ujiji ya mwaka 1871 ilikuwa mji wa soko, na miongoni mwa vilivyouzwa walikuwemo watu. Livingstone alirudi hapo akitoka Nyangwe, katika Kongo ya leo, ambako mwezi Julai aliona mamia ya watu wakiuawa sokoni na wafanyabiashara wa msafara. Mtu aliyejulikana kote Uingereza kama mpinzani wa biashara ya utumwa amesimama kwenye mchoro akiwa amezungukwa na wafanyabiashara wa bara waliompokea, wengine wakiwa wamemsaidia kwa chakula na makazi, na mchoro hauna hata mnyororo mmoja. Ungeuweka, swali la mtazamaji lingehama kutoka "Je, Stanley alimkuta?" kwenda "Hawa wanaishi na nani?" Kwa kesi aliyokuwa nayo Stanley, swali la pili lilikuwa hasara.

Ukitaka kuona picha iliyofanya kinyume, tafuta mchoro wa meli ya Brookes, uliochapwa Uingereza kuanzia 1788 na watu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Ni ramani ya sitaha. Watu wamelazwa safu kwa safu, weusi juu ya karatasi nyeupe, hakuna uso wala machozi. Sheria ya mwaka huo iliiruhusu meli ile kubeba watu 454, nayo iliwahi kubeba 609. Waliouchora walijua kwamba anayesimuliwa mateso anaweza kusema umetia chumvi, lakini mtu aliyepewa vipimo vya mbao hana pa kutorokea. Ndiyo maana mchoro uliwekwa ukavu kama hesabu ya fundi. Una udhaifu wake, na ningependa ukauwaze: ili kuwatetea watu wale, umewafanya wote wafanane.

Kama unataka picha ya pili ya kulinganisha kwenye kazi yako, usiende mbali na Stanley. Hukohuko London, mwaka 1872, aliingia studio akapigwa picha akiwa na nguo za safari na bunduki, pamoja na Kalulu, kijana mdogo aliyepewa na mfanyabiashara wa Kiarabu kule Unyanyembe. Hii ni kamera kweli, ile ile ambayo heshima yake iliazimwa kwenye mchoro wa Ujiji. Na bado pori ni la kupangwa, liko ndani ya chumba. Kalulu alisomeshwa kidogo Uingereza, akarudi na Stanley katika safari iliyofuata, akafa maji mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo. Picha ile inamfanya kuwa uthibitisho wa safari ya mwenzake. Ziweke mbili hizi pamoja, na lile wazo kwamba kamera husema kweli na mchoro hutunga litavunjika lenyewe.

Sasa swali lako la uongo. Usiandike "mchoro unadanganya". Sikukatazi kwa adabu, nakukataza kwa sababu huwezi kulithibitisha, na hata ukilithibitisha utakuwa umejibu swali la mwanahistoria. Wawili hao walikutana. Hilo halina shaka leo. Yale maneno maarufu ya salamu, "Dr. Livingstone, I presume?" (Dk. Livingstone, nadhani?), ndiyo yenye mashaka: kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa, na Livingstone katika maandishi yake hakuyataja. Lakini mchoro hausemi maneno, unaonyesha kofia. Kuna kubuni, kuna kuchagua, na kuna kupanga, na haya matatu hayana hukumu moja. Stanley alipanga alipovaa suti mpya. Alichagua alipoiacha baraza na kuichukua kofia. Palipo pazito ni kwenye yale maneno ya chini, anapoomba mchoro uaminiwe kwa kiwango cha kamera wakati hakukuwa na kamera. Andika hivyo: mchoro unaomba imani kubwa kuliko inayoweza kuthibitishwa na namna ulivyotengenezwa. Sentensi hiyo unaweza kuitetea mbele ya mkufunzi yeyote.

Kama bado unaona ni vigumu kutenganisha picha na maneno yanayoiongoza, shuka mwaloni Kibirizi asubuhi na simu yako. Piga picha ya dagaa walioanikwa. Piga moja ukiwa umechuchumaa, lenzi karibu na mchanga, dagaa wajae fremu hadi ziwa lionekane kama utepe tu kule nyuma. Piga nyingine umesimama mahali pa juu, ili mwanika aonekane mdogo katikati ya eneo kubwa. Ya kwanza itasema wingi, ya pili itasema kazi. Halafu chukua ile ya kwanza, uiandikie "Neema ya ziwa" na umtumie mtu mmoja, kisha uiandikie "Wamevuliwa wakiwa wadogo" na umtumie mwingine. Waulize wote wawili wameona nini. Huyu atakuambia habari za riziki, yule ataanza kukuonyesha udogo wa samaki, na dagaa ni walewale. Ukimaliza, rudi kwenye ile sahihi ya mwaka 1872 uisome upya.

Unapoandika tena, usianze na "Katika picha hii tunaona". Anza na London na shaka iliyokuwepo, kwa sentensi mbili au tatu, kisha ingia kwenye maneno ya chini na sahihi, ndipo ufuate nguo, bendera na kofia. Nyumba zilizoko nyuma zipitie haraka. Sioni kama zinabeba hoja kubwa, na si lazima kila kitu kipewe maana. Kurasa nne zinatosha.

Halafu pita makumbusho mara moja, kwa sababu wewe una nafasi ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam hana. Pale ndani kuna sanamu za wawili hao wakisalimiana, na nje kuna mnara na miembe inayosemekana imetokana na ule wa zamani. Simama mbele ya sanamu ukiwa na nakala ya mchoro mkononi. Tazama nani amepewa umbo na nani hakupewa. Waarabu wako wapi? Bendera iko wapi? Susi je? Mchoro ulikuwa na kesi ya London ya 1872, na kesi hiyo ilikwisha zamani. Sanamu zimewekwa Ujiji, kwa watazamaji wengine kabisa. Zinamjibu nani? Hilo sikujibii, liandike wewe kwenye ukurasa wa nne.